Dada Chapchap na Kivuli Kisichopotea

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, kifungua mimba wa baba fundi saa na mama mshonaji. Jina la Chapchap alipewa kwa utani: nyumba nzima imeshavaa viatu, yeye bado anatafuta soksi. Mama alikuwa akimwita mlangoni, “Wewe mtoto, utachelewa mpaka kwenye harusi yako!”

Alimaliza sekondari mwaka 1992, akahitimu masomo ya kompyuta mwaka 1998, na mwaka 2001 akaajiriwa hospitalini, kwenye chumba kidogo nyuma ya kitengo cha picha za ndani ya mwili.

Kompyuta ya kuchambua picha za wagonjwa ilikuwa imechoka. Watu waliambiwa warudi wiki ijayo, na wengine, jamani, hawakuiona hiyo wiki. Dada akachukua kompaila huria, yaani programu ya bure inayogeuza maelekezo ya binadamu kuwa lugha ya mashine, na ambayo yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Kwa kompaila hiyo akaiunda upya programu ya picha, iendane na kompyuta ile ile kuukuu. Majibu yakaanza kutoka siku hiyohiyo. Watu wakashangilia, yeye akalinganisha picha mpya na za zamani, akakuta kivuli kimoja kidogo, dalili ya uvimbe, hakipo kwenye mpya. Kompaila ilikuwa imeruka hatua za hesabu ili iwahi.

Mganga mkuu akamwambia, “Si inakwenda vizuri? Iache.”

“Daktari, hicho kivuli ni mtu.”

Alianza upya, akairekebisha kompaila yenyewe, na marekebisho akayatoa bure kwa yeyote anayeitumia. Kasi ikabaki, kivuli kikarudi.

Mwaka 2003 alifunga ndoa na fundi umeme wa hospitali hiyo. Alichelewa, kama Mama alivyosema. Asante shemeji kwa kusubiri.

Novemba 2020 alianza kuumwa tumbo, akapigwa picha palepale kazini. Kivuli kilikuwa kidogo mno, cha aina ile ile. Kilionekana mapema, akatibiwa, akawaona mabinti zake wote wawili wakimaliza shule. Miaka hiyo tunaishukuru sana. Alifariki tarehe 2 Mei 2024 asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama yetu, mimi mdogo wake ninayesoma haya, na wagonjwa wengi wasiomjua waliopata majibu yao mapema.

Dada Chapchap, leo hakuna anayekuita mlangoni. Pumzika kwa amani, tena taratibu.