Mikono ya Wanaosubiri Pembea

Asubuhi niliyoondoka kijijini kwetu Ole sikuwa na safari. Nilinawa uso, nikavaa shati langu, nikatoka barabarani. Upande wa kulia kulikuwa na tope, basi nikashika kushoto. Ndugu zangu, nawaambia kweli: tope lingekuwa kushoto, leo ningekuwa mtu wa Wete, na nyinyi wa Mkoani msingenijua.

Mwenyekiti wetu ameniomba nieleze nilivyofika katika chama hiki cha kusaidiana, mie niliyeingia mji huu sina ndugu wala jamaa. Sitamtaja mtu jina. Wengine wamo humu humu. Wakijitambua, wacheke kimya kimya.

Skuli niliiacha mapema. Sikuwa mkaidi, ila macho yangu yalikuwa dirishani. Nilitaka kujua kila kitu kinakwendaje. Nilichuma karafuu, nikachukua mizigo, nikauza samaki; kazi ikishanionyesha ilivyo, naiacha na kutafuta nyengine. Ami yangu aliyenilea alichoka. Alinambia, "Weye hukai hata kivulini mwako." Kisha homa ikanishika, nikawa nalala katika baraza za watu, nikapoa lakini nguvu hazikurudi. Ikafika pahala naona aibu hata kubisha hodi. Mtu akifika hapo, jamani, amekwisha anguka, ingawa bado anatembea.

Basi nikafika Chake Chake siku ya kuamkia Idi. Katika uwanja wa sikukuu watu walikuwa wanasimamisha kitu ambacho sijakiona maishani. Gurudumu la mbao refu kuliko nyumba, na masanduku manne yaning'inia, kila moja limepakwa rangi yake.

"Nini hicho?" nikamuuliza kijana mmoja.

"Pembea, yakhe. Hujaona pembea weye?"

"Nimeona za kamba."

"Hii si ya kamba. Hii inakwenda mbinguni halafu inarudi."

Mwenye pembea alikuwa mtu mnene, maneno yake machache, na gurudumu lile alilichonga mwenyewe. Nikamuuliza mhimili ni wa mti gani. Nikamuuliza kwa nini masanduku hayapinduki. Nikamuuliza anapaka mafuta gani.

"Unauliza kama unataka kulinunua," akasema.

"Nataka kujua tu, mzee."

"Basi panda, ujue."

Nikapanda. Watu wawili wakasukuma, na ardhi ikaniacha. Subhanallah! Nilikuwa nimeikanyaga Pemba tangu nazaliwa, lakini sikuwahi kuiona. Niliona mapaa ya makuti na mabati, vilima vya mikarafuu kimoja nyuma ya chengine, na maji ya hori yakiingia ndani ya nchi mpaka karibu na mji. Watu barabarani walikuwa wadogo, na kila mmoja ana pahala anapokwenda. Niliposhuka nikazunguka kuutazama mhimili tena.

Mwenye pembea aliniangalia, akanipa kazi. Nitakula kwake, nitalala chini ya turubali lake sikukuu zote, na nikifaa atanichukua mpaka Mkoani, maana huku kwenu alikwisha alikwa alete pembea. Kazi yenyewe ilikuwa kulinda njia ya foleni. Alikuwa ametengeneza njia mbili za kusubiria, moja ya wanawake na watoto, moja ya wanaume, na pande zote mbao alizozipaka rangi kwa mkono wake, kijani, nyekundu na manjano. "Mbao hizi ni uso wangu," akanambia. "Zikichafuliwa, nenda zako."

Nikasema, mbao tu! Nani atashindwa kulinda mbao?

Siku ya kwanza ya Idi, watu walikuja kutoka kila shamba. Foleni ikawa ndefu, na mtu anayesubiri, ndugu zangu, mikono yake haikai. Huyu anakwaruza kwa msumari, yule ana kipande cha mkaa, mwengine anang'oa makuti ya kivuli ukuti mmoja mmoja bila hata kujijua. Waliandika majina, wakachora samaki. Mmoja alichora nazi yenye meno imevaa kofia, na wote wakakubaliana kuwa ni mie.

Hayo ningeyavumilia. Lakini mnaijua miaka hii ya uchaguzi, hata harusini watu hawakai mkeka mmoja. Mtu akachora alama ya chama chake. Mwengine akaifuta kwa kiganja, akachora ya kwake. Kabla ya alasiri walikuwa wameshikana mashati. Mudiri, mkuu wa serikali wa pale, akaja na askari, akazitazama mbao, akamwambia mwenye pembea kwa upole kabisa, "Nitarudi siku ya nne, ya mwisho ya Idi. Nikiona alama moja ya namna hii, gurudumu lishuke, na ruhusa ya kwenda Mkoani sitokupa."

Basi riziki ya mzee yule na pahala pangu pa kulala vyote vikawa juu ya mkaa wa watu.

Nilishika fimbo, wakaniimbia. Nilipaka chokaa juu ya michoro. Kumbe nimewatandikia ubao mpya, wakachora vizuri zaidi. Siku ya pili, nilipoona sina hila, nikapanda juu ya pipa nikapaza sauti: "Enyi watu! Atakayetia alama kwenye mbao hizi, na aliyekwisha tia, atasomewa halbadiri!"

Mnacheka. Kila mtu humu anaijua dua ile ya kuapiza, mwizi akiisikia anarudisha kuku usiku huo huo. Lakini mie sikufikiri. Nani katika foleni ile hakuwa amekwaruza chochote? Mama mmoja akauliza, "Na mtoto wa miaka sita je, inampata?" Hakungoja nijibu. Akamshika mwanawe mkono akatoka. Wakatoka na wengine, wanaume kwa wanawake, haraka haraka, na mmoja alitoka akisugua ubao kwa mate. Pembea ikabaki inaning'inia tupu, siku ya Idi, jua liko juu.

Mwenye pembea hakunipigia kelele. Alisema, "Nilikwambia ulinde mbao. Sikukwambia uzilinde na watu." Kisha akasema nikusanye vyangu. Sikuwa na vyangu. Nikakaa chini ya pipa, na nawaambia, sijapata kujiona mtu bure kama saa ile.

Nilipoinua kichwa, nikaona foleni haikuwa tupu. Alikuwamo bibi mmoja wa kijiji cha Wawi na wajukuu zake, amesimama pale pale, anasuka ukili wa mkeka, kama wanavyosuka mama zetu wote wakiwa wamekaa, wamesimama au wanasengenya.

"Bi, wewe huogopi?" nikamuuliza.

"Nogope nini? Mie mikono yangu ina kazi tangu asubuhi. Halbadiri ije itazame ukili."

Wajukuu nao kila mmoja ameshika miyaa yake, majani ya kusukia. Nikatazama ubao wa pale waliposimama. Hauna hata mkwaruzo! Nikatazama nyuma yao, ule wa pale waliposimama kabla. Safi. Nikamrudia bibi mbio.

"Bi," nikasema, "ukifika zamu yako ya kupanda, ukili huu utauweka wapi?"

"Nitamwachia wa nyuma yangu, aendeleze. Kama yupo!" Akacheka. "Maana umewafukuza wote, baba."

Nikapiga magoti mbele ya mwenye pembea, nikamwomba siku moja tu. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akasema, "Moja."

Nikaenda nyumba kwa nyumba kuwatangazia watu kuwa hapana dua yoyote, na kuwaomba radhi. Walinicheka mpaka nikazoea. Usiku nikazisugua mbao zote mpaka alama zikatoka. Kesho yake upande wa wanawake nikatundika miyaa, na bibi wa Wawi akaanzisha ukili mmoja. Kila mwanamke akiingia njiani anaupokea, anasuka akisogea, akifika sandukuni anamwachia wa nyuma. Upande wa wanaume nikaweka usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, wa kusokota kamba.

"Tumekuja Idi au tumekuja kazini?" kijana mmoja akaniuliza.

Bibi akamjibu kutoka upande wa pili, "Mwache huyo, hajui kusokota. Ng'ombe wake anamfunga kwa maneno."

Wenzake walicheka hata akaukamata usumba kwa hasira, na alisokota kamba nzuri, haki ya Mungu. Nyuma yake alikuwa yule yule waliyeshikana naye mashati siku ya kwanza juu ya alama. Hawakusemeshana. Lakini kamba haina siasa. Mmoja alipofika mwisho wa njia, mwengine akaupokea uzi kutoka mkononi mwake, akaendelea.

Ndugu zangu, vipi niwaeleze? Ukili ulikua. Niliutundika juu ya mbao kila ulivyorefuka, ukazunguka njia nzima, ukarudi, ukazunguka tena. Palikuwa na mkono wa mzee na mkono wa mtoto, pahala umekaza, pahala umelegea, na haukukatika. Mie niliyetaka kujua kila kitu kinakwendaje, hapo sikuuliza swali. Nilitazama tu.

Siku ya mwisho mtu mmoja alitoa mkaa. Sikuwahi hata kusogea. Wanawake wanne walipiga kelele kwa pamoja: "Ebo! Ukili wetu upo hapo!" Mkaa ukaanguka. Mudiri akaja, akapita njia ya wanaume, akapita ya wanawake, akashika ukili kwa vidole. Akauliza, "Kazi ya nani hii?" Mwenye pembea akajibu, "Ya wote waliosubiri, bwana." Mudiri akapanda sanduku jekundu. Alipoteremka akamwambia, "Nenda Mkoani."

Namshukuru mzee yule aliyenipa siku moja. Namshukuru bibi wa Wawi. Nawashukuru hata walionichora nazi. Na funzo, kama mtu kama mie anaweza kutoa: anayesubiri usimtishe, mpe cha kushika, mtu hakichafui kitu ambacho mkono wake umo ndani. Nami miaka yote nilikuwa mtu wa foleni, mikono mitupu, naikwaruza roho yangu mwenyewe.

Tulifika Mkoani mchana, lori limejaa mbao. Mwenye pembea alikuwa na jamaa zake wa kufikia; mie akanionyesha mlango akasema nibishe hodi mwenyewe. Ile aibu ya kubisha hodi ikanirudia. Kisha nikabisha. Akatoka Bi mmoja wa chama hiki, unga mikononi, akanitazama juu mpaka chini.

"Unataka chumba?"

"Ndiyo, Bi."

"Utakaa mpaka lini?"

Hapana aliyewahi kuniuliza hilo. Akanisubiri. Kisha akausukuma mlango kwa kiwiko.

"Ingia ule kwanza," akasema. "Utanijibu ukishashiba."