Gundi Isiyoachia

Ukimtafuta mtu wa mji wetu wa San Pedro asiye na kazi alasiri, au mwenye kazi anayeikwepa, nenda dukani kwa mama Ercilia, kwenye kona ya barabara inayoteremka mtoni. Nje ya duka kuna benchi, na benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha gari lililokufa zamani, kimepandishwa juu ya matofali. Springi moja imetokeza upande wa kushoto, na huko ndiko hukalishwa wageni. Mama Ercilia humimina kahawa kutoka kwenye chupa yake ya chai, katika vikombe vya plastiki visivyojaza hata kiganja, sukari mpaka meno yanauma. Watu hunywa, hugonga domino, huihukumu dunia. Lakini tangu kabla ya Krismasi domino zimelala kwenye kopo lake, na hata sikukuu ya Wafalme Watatu imepita hakuna aliyezigusa. Siku hizi kesi ni moja tu pale: nani amempofusha Nurys?

Nurys ni fundi cherehani, ndiye anayeshona namba mgongoni mwa jezi za vijana wa besiboli mtaa mzima. Mumewe ni Eligio, dereva wa teksi, na teksi yake ni gari la mtumba lililokuja kwa meli kutoka Marekani. Mwaka jana kiwanda kilitangaza kwamba magari ya aina ile yarudishwe yatengenezwe bure, kwa sababu mifuko ya hewa iliyomo ndani ni mibovu na ikipasuka inaweza kurusha vyuma. Eligio alilipeleka gari karakana ya wakala mjini, wakambadilishia. Siku si nyingi baadaye, mwenye pikipiki akamkatizia, Eligio akakwepa, akagonga nguzo. Hakikuwa kishindo cha kutisha. Gari lilivunjika taa moja, Eligio akatoka bila mkwaruzo. Nurys, aliyekaa kando yake, jicho moja limetolewa, na la pili linatofautisha mchana na usiku tu.

— Mimi nasema kiwanda, — alianza Kijiko siku hiyo, kama alivyoanza jana yake. Ni kinyozi, na jina lake la kanisani ni Leocadio, ila kwa wembamba ule na kichwa kile, hata padri humwita Kijiko. — Wale wanapima mifuko yao kwa miili ya wenzao. Mmewaona watalii wanaolala ufukweni? Jitu moja, sisi watatu. Sasa upepo wa kulizuia jitu kama lile, umpige nao Nurys, uzito wa kuku wawili. Uso utabaki?

— Hayo ni maneno ya kinyozi, — alisema Wakili. Huyu ni Milcíades. Alifagia mahakama miaka mingi, na alipostaafu aliwaachia ufagio akaondoka na lugha. — Kisheria tunaanza na ule mwito wa kiwanda. Mwito ulimwita nani?

— Uliliita gari.

— Gari haliitwi, bwana. Anaitwa mwenye gari. Na mwenye gari, anayejulikana kiwandani, ni yule Mmarekani aliyelinunua jipya, huko New Jersey kwenye theluji. Eligio ameitikia jina la mtu mwingine. Kwa hiyo mkosaji wa kwanza ni yule wa New Jersey, aliyeuza gari bila kuuza na mwito wake.

— Huyo hata hajui kama Nurys amezaliwa.

— Kutojua si utetezi.

Mama Ercilia alitoa kichwa dirishani.

— Na nguzo je? Ile nguzo tangu isimikwe haijawaka taa hata siku moja. Imekaa pale inasubiri watu tu. Mshitakini aliyeisimika.

— Serikali, mama.

— Ndiyo, serikali.

— Ipi? Zimepita nne.

— Zote nne.

Kicheko kilitoka kidogo, kikaona aibu, kikarudi.

Fausto hakucheka. Alikuwa amekaa upande wa springi, mahali ambapo zamani usingemkalisha hata kwa kumfunga kamba. Ana kibanda cha kuchaji na kuziba betri ng'ambo ya barabara, ndiyo maana wanamwita Betri, na yeye ndiye baba wa ubatizo wa binti wa Eligio na Nurys. Mfukoni mwake kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa kulikuwa na vipande vya Tatica.

Tatica ndilo jina tunalomwita Bikira wa Altagracia, mlinzi wa nchi yetu, kama mtu anavyomwita shangazi yake. Sanamu yake aliyokuwa nayo Nurys ilikuwa ya plasta, urefu wa shubiri, vazi la buluu lenye nyota, na ilisimama mbele ya kiti chake, juu ya dashibodi, tangu gari liliposhushwa bandarini. Ilishikizwa kwa ulimbo fulani uliokwisha kukaushwa na jua, hata kila penye shimo Tatica alikuwa anayumba na Nurys anamshika kwa kidole. Kule karakana walilazimika kumtoa, kwa kuwa mfuko wa hewa uko palepale chini ya miguu yake. Wakabadilisha mfuko, wakamrudisha Tatica ndani ya mfuko wa plastiki, kichwa chini, kiti cha nyuma, bila neno. Nurys alipomwona hivyo alikasirika, akasema hapandi gari lile mpaka Tatica mwenyewe arudi mahali pake.

Basi Jumapili iliyofuata kijiwe kizima kilifanya kazi. Wakili alipima kwa vidole, akapata alama ambapo jua halikuipausha plastiki, akasema ni hapa, wala msisogeze. Kijiko alimshika kichwa asiegemee. Mama Ercilia alileta mshumaa. Na Fausto akavuka barabara kuleta gundi yake ya kuzibia betri, akampaka Tatica miguuni kwa ukarimu, akamkandamiza, akajifuta mikono na kumwambia Nurys: "Hata dunia ipinduke, huyu habanduki."

Na kweli hakubanduka. Gari lilipogonga nguzo, mfuko mpya ulifunguka kama ulivyoundwa kufunguka, kifuniko chake cha dashibodi kikaruka, na Tatica akaruka nacho, ameng'ang'ania. Fausto alisikia kishindo kutoka kibandani, akawa wa kwanza kufika. Eligio alikuwa amempakata mkewe chini, shati limemlowa damu. Fausto aliviona vipande vya buluu juu ya kiti akajua. Akaviokota kimoja kimoja kabla askari hawajaja. Eligio alimtazama akiviokota. Hawajasemezana juu ya jambo hilo mpaka leo. Daktari naye alimvuta Eligio pembeni, akamwonyesha alichokitoa kwenye jicho. Pale kijiweni hakuna aliyeambiwa, na hakuna asiyejua. Ndiyo maana wanaongea sana.

— Joto, — Kijiko alikuwa ameshahamia kwingine. — Mfuko umezaliwa kwenye baridi, umelelewa kwenye baridi, unaletwa San Pedro kwenye jua hili. Unafikiri gari linaungua. Unapasuka kwa hofu.

— Mfuko hauna hofu.

— Magari ya siku hizi yana akili, mzee. Yule wa pikipiki si alikuwa amepakia kuku? Kuku wamening'inia, wanapiga mabawa. Gari limeona mabawa, likadhani linaanguka kutoka angani.

— Hilo nitaliandika, — alisema Wakili kwa upole. — Lakini kwanza tunawabana karakana. Waliogusa ni wao. Anayegusa ndiye anayejibu.

— Walisema kitu? — aliuliza Fausto.

Ndiyo kwanza afungue mdomo siku ile. Wote wakamgeukia.

— Nani walisema?

— Wale wa karakana. Walipomrudisha kwenye ule mfuko.

— Mfuko wa hewa?

— Wa plastiki, Milcíades. Unajua ninaoumaanisha.

Mama Ercilia alirudisha kichwa ndani. Kijiko akaanza kukikagua kikombe chake kitupu.

— Wangesema neno moja tu, — aliendelea Fausto. — "Usimrudishe hapo." Basi. Mtu anamtoa Bikira juu ya kitu kinachopasuka, anajua kinapasuka, ndiyo kazi yake, halafu anakupa mkononi ananyamaza.

— Hawakuulizwa, — alisema Wakili.

— Na sisi hatukuuliza.

— Tuulize nini, wakati tunajua mahali pake ni pale?

— Ndiyo hivyo. Tulijua.

Wakili alisogea karibu yake, akashusha sauti, akaiweka kando lugha ya mahakama.

— Fausto, mdogo wangu, liache hilo. Ukilisema, kesi ya Eligio ya kudai fidia imekufa. Karakana watasema wao mfuko wao umefanya kazi, mzigo ni wetu. Nurys hatapata hata pole.

— Mimi sitaki kesi. Nataka kujua ni mkono wa nani.

— Mikono ilikuwa mingi.

— Gundi ilikuwa moja.

Kijiko, ambaye hajawahi kukosa neno tangu anyonyeshwe, alisema tu kwamba yeye alishika kichwa, kichwa peke yake. Fausto alimwonea huruma. Alijionea huruma na yeye, na huruma hiyo ikamchukiza.

Ndipo wakawaona Eligio na Nurys wanashuka barabara. Tangu arudi kutoka hospitali Nurys hakuwa ametoka nje ya ua wake. Alivaa miwani nyeusi na gauni la kanisani, kamshika mumewe kiwiko, anakanyaga kama mtu anayepima maji. Na kijiweni hajawahi kukaa maisha yake yote. Alikuwa akipita tu, anawatania wanaume waliolala kwa kukaa. Wote walisimama. Kijiko alisukumwa kwenye springi, Nurys akakalishwa upande mzuri.

— Karibu shemeji, — alisema Wakili. — Umependeza.

— Nitaamini tu, sina macho ya kuhakikisha. Kijiko yupo?

— Nipo, dada Nurys.

— Nimekusikia tangu kule juu. Umefika kwenye kuku, halafu ukanyamaza. Unaumwa?

— Hapana, dada.

Eligio alibaki amesimama nyuma ya mkewe. Alikuwa amekonda. Alimtazama Fausto juu ya kichwa cha Nurys, akatikisa kichwa polepole, mara moja, kama mtu anayemwomba mwenzake asivuke barabara.

— Najua mnamtafuta mkosaji, — alisema Nurys. — Eligio naye anamtafuta, hapati usingizi. Mimi simtafuti mtu. Mimi nilikuwamo kwenye gari, nyinyi hamkuwamo.

— Kweli kabisa.

— Niliona kitu kimoja kabla ya giza, na sijamwambia mtu ila Eligio. Nilimwona Tatica anakuja. Aliruka kutoka pale alipokuwa, amenielekea hivi, vazi lake buluu limejaa macho yangu yote. Alikuja kunikinga. Hicho kifuko kilitaka kuniua, yeye akaingia katikati. — Alijishika shavu chini ya miwani. — Daktari anasema ile ncha iliyonichoma ingesogea kidogo tu ingefika kwenye ubongo. Nani aliizuia? Vazi lile la buluu ndicho kitu cha mwisho nilichokiona duniani, Wakili, na kama ilikuwa lazima kiwepo cha mwisho, nashukuru kilikuwa kile. Usiku ninapolia, nalilia sindano zangu. Kile sikililii.

Mama Ercilia alikuwa ametoka nje na chupa yake. Alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

— Kwa hiyo nimeweka nadhiri, — aliendelea Nurys. — Siku yake ikifika nakwenda Higüey kwa miguu, kutoka hapa mpaka madhabahuni kwake. Eligio atanishika mkono mmoja, na mkono wa pili nitambeba yeye, hapa kifuani. Kama amechubuka, na achubuke, mimi pia nimechubuka. Namwuliza Eligio yuko wapi, Eligio hasemi. Gari liko kwa askari, nikasema labda na yeye wamemfungia. Leo amechoka na maswali yangu, ananiambia twende tukawaulize wa kijiweni. Basi nimekuja. Tatica wangu yuko wapi?

Pikipiki ilipita, vumbi likapanda, likatua. Wakili alitazama viatu vyake.

— Fausto, — alisema Nurys, akigeuza uso kuelekea alikodhani yupo. — Wewe ndiye uliyemgandisha. Ulisema hata dunia ipinduke habanduki. Imepinduka, ndugu yangu. Lazima yupo mahali.

Alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu, vimetulia, kama alivyokuwa akipokea nguo kwa mteja. Mama Ercilia, asijue la kufanya, alichukua kikombe akainamisha chupa ili amwekee japo kahawa. Yakatoka matone mawili na machicha. Fausto alitia mkono mfukoni, akapapasa ndani ya kitambaa, akakigusa kile kipande alichokijua kuliko vyote, uso wa Tatica, mdogo kama punje ya haragwe, mzima kabisa. Akaushika. Ncha yake ikamchoma kidole. Nyuma ya benchi Eligio alikuwa amefumba macho.

Hakuna aliyetaja kiwanda, wala Mmarekani, wala nguzo. Fausto aliutoa mkono mfukoni, mtupu.

— Mbona kimya? — aliuliza Nurys, akigeuza miwani yake huku na huko, mikono bado ameinyoosha. — Mmeondoka?

Walikuwapo wote.