Nafasi ya Piroska Kando ya Mitya

Ndugu, majirani, na hata nyinyi mliokuja kwa ajili ya mchuzi utakaofuata, tunasoma maisha ya Piroska Bognár kama yalivyokuwa, bila kumpaka asali, maana mwenyewe angetukatiza.

Piroska alizaliwa tarehe 11 Machi 1939, hapa hapa Nagyhárs, mtoto wa tatu wa fundi wa magurudumu ya mikokoteni, akasoma madarasa manane katika shule ya kijiji hadi Juni 1953, ambako sote tulifundishwa Kirusi kwa lazima na sote tukajivunia kutokijua, yeye akatoka na salamu na hesabu hadi kumi.

Mwaka 1955 aliingia ushirika wa washonaji, akashona makoti ya kazi yaliyokwenda Urusi kwa mabehewa, na jioni akiwapindia sketi wake za maofisa wa kambi ya Warusi iliyokuwa nyuma ya stesheni. Tarehe 26 Septemba 1959 alifunga ndoa na Dezső Bognár, fundi wa pampu, huyu aliyeketi mbele, wakajaliwa binti mmoja, Ágota, mwaka 1961.

Katika kupinda sketi alifahamiana na Zinaida, mke wa luteni, ambaye mwanawe Mitya, wa miezi sita, alikufa kwa homa ya mapafu Februari 1988, akazikwa kwenye kona ya makaburi yetu, chini ya nguzo yenye nyota ya bati. Wapo wanaosema Piroska alimshika moyoni yule mtoto kwa kuwa alizika wake kisirisiri. Hakuzika, acheni kutunga.

Miaka hiyo huko Moscow walikuwa wanageuza mambo, wanaume wetu wakishangilia ndani ya maghala ya mvinyo, na mageuzi yakatufikia kweli, Warusi wakaacha kulipia makoti, ushirika ukafungwa Novemba 1990, Piroska akarudi nyumbani na mkasi wake, na Aprili 1991 kambi nayo ikapakiwa kwenye treni. Zinaida, mlangoni mwa behewa, alinyoosha kidole kuelekea makaburini, na Piroska akaitikia kwa kichwa. Kwake hiyo ilikuwa ahadi tosha.

Kiangazi hicho wanaume wenye mvinyo kichwani walikwenda kona ile na nyundo, kuondoa kila kilichoachwa na Warusi, wakamkuta Piroska amesimama pale, akawauliza, "Mlikuwa wapi na nyundo zenu Warusi walipokuwa na bunduki? Huyu hata kutambaa hakuwahi." Nyota ya chama akaing'oa mwenyewe, akisema mtoto wa miezi sita hana chama, na tangu hapo kila sikukuu ya Watakatifu Wote alimwashia mshumaa wake.

Sasa, kwetu kaburi ni la miaka ishirini na mitano, jamaa wasipolilipia tena husawazishwa, na masika ya mwaka huu wa 2013 kibandiko cha njano cha kuonya kwamba muda umekwisha kilibandikwa kwenye nguzo ya Mitya. Zinaida alitafutwa, hakupatikana. Piroska, ambaye mwezi Machi madaktari walishamwambia ini lake halina dawa, alikwenda ofisi ya makaburi, karani akamwuliza, "Mama Piroska, wewe ni nani yake?" akajibu, "Bibi yake," karani akacheka, "Mjukuu wa Kirusi umempatia wapi?" naye, "Palepale ulipopatia gauni lako la harusi, mikononi mwangu. Andika." Karani akashusha sauti, akamweleza kwamba bila cheti cha undugu hawezi, ila kaburi likipokea maiti mwingine, miaka huanza kuhesabiwa upya. Piroska akasema, "Basi niandike mimi."

Kwa Dezső halikuwa jambo dogo, maana tangu 1999 alikuwa ameshasimamisha jiwe lao la marumaru, majina yote mawili yamechongwa, la Piroska likiwa na mwaka wa kuzaliwa na kistari kinachongoja. "Utaniacha peke yangu chini ya jina lako?" alimwuliza, akanuna wiki nzima, hata supu hakuigusa, mwisho akaja kuketi kitandani, akasema, "Haya, nenda kwa Mrusi wako, si umelalamika maisha yote kwamba nakoroma." Piroska akamwambia, "Unakoroma mpaka kuku wanaamka," na siku hiyo mzee akala.

Piroska alifariki nyumbani, alfajiri ya tarehe 19 Oktoba 2013, Ágota akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Veszprém waliomwambia ukweli, washonaji wenzake wa zamani waliomvika, majirani waliopika, karani aliyeandika, na Dezső, ambaye asubuhi hii alikibandua kibandiko cha njano kwa mkono wake.

Pumzika kwa amani, Piroska. Miaka ya Mitya inaanza leo.