Mabano Yaliyofutwa kwenye Treni

Fundi cherehani alipanda treni ya asubuhi akiwa na nia moja tu, kusinzia, lakini dada aliyekaa mbele yake alikuwa anagombana na kompyuta. "Mstari wa programu ulikuwa new (chagua())()," alimlalamikia mwanamume wa pembeni, ambaye wala hakumjua. "Nimefuta mabano yaliyoizunguka chagua, basi, mfumo mzima wa miadi ya kliniki umegoma. Na saa mbili wagonjwa wanaingia."

Mwanamume alichungulia. "Yarudishe, dada. Hiyo new, amri ya kuunda kitu kipya, ina pupa. Inakamata mabano ya kwanza inayoyaona, inadhani ni yake. Hapa lazima chagua imalize kazi kwanza, ilete kiolezo, ndipo new iunde kitu kwa kiolezo hicho. Uliyoyafuta ndiyo yaliyokuwa yanaiambia isubiri."

Fundi hakuona ajabu yoyote. Hata yeye hakati kitambaa kabla mteja hajachagua mshono.

Dada aliyarudisha, mfumo ukaitika, lakini hakushukuru. "Si angeandika mistari miwili? Achague kwanza, aunde baadaye, watu waelewe. Aliyeandika hivi alikuwa anajionyesha tu."

"Hakuwa anajionyesha," mwanamume alisema taratibu. "Alikuwa na haraka. Mkewe alikuwa anajifungua."

Dada aliinua macho kutoka kwenye kioo. Fundi naye usingizi ulimruka.

"Hata hivyo, kaka," dada alisema, "mstari mmoja zaidi ungekuchelewesha kiasi gani?"

Treni ilisimama. Mwanamume alichukua mkoba wake, akashuka.