Silvano Lotukoi Erot (1959–1986), Mtu wa Bi Zogo

Mlio na ile karatasi ya wasifu iliyochapwa na kamati ya mazishi, ikunjeni. Humo kuna dereva mmoja mpole tusiyemjua. Anayewasomea ni Akiru, dada yake marehemu, naye amekasirika na hafichi.

Marehemu Silvano Lotukoi alizaliwa Kipsing tarehe 9 Aprili 1959, kifungua mimba wa Mzee Erot na Mama Nakwawi. Mifugo ilipokwisha, familia ilihamia Isiolo mjini ikakaa Wabera.

Alianza shule mwaka 1967. Kila Jumamosi Mwalimu Kiogora wa shule hiyo alitundika shuka karibu na soko, akajificha nyuma yake na vikaragosi vyake vya kuvaa mkononi: Mzee Kigego mwenye jino moja, mkewe Bi Zogo aliyegombana hata na mvua, na mbuzi wao Sinahaya aliyekula suruali ya chifu. Watoto wa Kiturkana, wa Kisomali, wa Kimeru, wote walishika mbavu. Lotukoi alifika kabla hata shuka haijatundikwa. Halafu mwaka 1973 akaletwa mkuu mpya wa shule, ambaye jina lake halitatajwa hapa, akasema mambo hayo ni utoto. Vikaragosi vikafungiwa stoo, mwalimu akahamishwa. Utoto! Kwani waliokuwa wakicheka walikuwa akina nani kama si watoto? Lotukoi alilia wiki nzima, na nyumbani hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.

Baada ya darasa la saba aliingia kwenye lori la ng'ombe la Mzee Hirsi kama tanboi, msaidizi wa dereva, na mwaka 1979 akapewa usukani. Aliendesha vizuri, kamati haikudanganya. Lakini haikusema kwamba njia nzima hadi Nanyuki watu walijua amefika kwa kusikia sauti ya Bi Zogo dirishani. Mzee Hirsi, yule pale amekaa, alizoea kusema, "Wallahi, huyu akipiga honi hakuna anayesonga. Akifoka kama Bi Zogo, hata ng'ombe wanapisha!"

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Jecinta Natabo. Alimchumbia kwa sauti ya Mzee Kigego. Jecinta akamjibu kwa sauti ya Bi Zogo, akamtukana vizuri sana, na Lotukoi akarudi nyumbani akiwa amelowa jasho na furaha. Mungu aliwajalia watoto wawili.

Mwaka 1985 stoo ya shule ilisafishwa. Lotukoi alipita na lori akakuta madawati mabovu yanachomwa, na juu ya rundo kuna sanduku analolijua, lile la vikaragosi. Aliliacha lori katikati ya barabara, ng'ombe wanalia, akalitoa sanduku motoni kwa mikono yake. Akalipeleka Meru kwa Mwalimu Kiogora, ambaye alikuwa amestaafu. Habsa fundi cherehani akavishonea vikaragosi nguo mpya. Jumamosi tarehe 14 Desemba, shuka ikatundikwa tena Wabera. Jamani, siku ile! Watu wazima wenye ndevu walipiga kelele kama chekechea. Mzee wa watu alikuwa amesahau kidogo, Bi Zogo akatokea upande wa kulia. Lotukoi akasimama: "Mwalimu, huyo ni wa mkono wa kushoto!" Sauti ikatoka nyuma ya shuka, "Nani huyo? Si Lotukoi? Hujakua tu?" Akabadilisha mikono, na uwanja ukalipuka.

Figo zilianza kumsumbua Februari 1986. Alilazwa mara kadhaa, akavumilia. Mwezi Agosti alimshika dada yake mkono akasema, "Akiru, nyinyi mtalia kwa adabu. Mimi nataka Bi Zogo anililie. Yeye hanyamazishwi na mtu." Hilo tu ndilo aliloomba. Alifariki Jumatano tarehe 3 Septemba.

Tulilipeleka ombi lake kwa kamati. Mwenyekiti, Mzee Marete, akajibu, "Mazishi si mchezo. Kuna wageni wa heshima, watatucheka." Wageni gani hao? Wamemtembelea hospitali lini? Yule mkuu wa shule alimnyang'anya Bi Zogo akiwa mtoto, na nyinyi mnamnyang'anya tena akiwa ndani ya jeneza, hawezi hata kujibu. Aibu yenu!

Marehemu ameacha mjane Jecinta, watoto Ekidor na Akai, mama yake Nakwawi, dada yake Akiru, na Mwalimu Kiogora, ambaye mmemsimamisha pale getini tangu asubuhi, mzee mzima, sanduku kichwani.

Mzee Marete, kaa chini, tafadhali. Padri atangoja kidogo, na hao wageni wanaotaka kucheka na wacheke. Mwalimu, pita mbele. Mpisheni! Njoo hapa kando ya kaburi, ufungue sanduku.

Bi Zogo akishamlilia, basi apumzike kwa amani.