Kopo la Bi Wadha wa Umm Shiha

Wasikilizaji wapendwa, leo nina hasira, na sitaificha. Bi Wadha binti Mutlaq wa Umm Shiha amefariki. Amefariki Jumanne, saa sita mchana, ndani ya pikapu iliyozama mchangani, huku jengo la hospitali ya mji analiona. Narudia. Analiona kwa macho yake.

Umm Shiha iko kilomita kumi na mbili kutoka mjini. Mimi nimezaliwa huko, na Bi Wadha ni shangazi yangu. Kaskazini kuna kilima cha mawe meusi. Kusini kuna bonde linalopata maji siku mbili tatu kwa mwaka. Katikati, chini ya mazizi ya mbuzi wetu, limepita bomba kubwa la maji ya kunywa. Maji yanatoka kwetu, yanakwenda mjini. Ukilaza sikio chini asubuhi unayasikia yakipita. Kwetu hakuna mfereji wa kufungulia maji hata mmoja.

Sababu ni namba. Miaka kumi na moja iliyopita alikuja afisa wa sensa. Hema la kwanza njiani ni la Bi Wadha. Akakaribishwa, akapewa chai, akauliza, "Bibi, una watoto wangapi?"

Sasa jamani, nani kwetu anamtajia mgeni idadi ya watoto wake? Si unaita kijicho? Bi Wadha alikuwa nao sita, baada ya kumzika wa saba. Akajibu, "Wawili tu, Mungu awahifadhi." Afisa akaandika wawili. Hema la pili wakajibu, "Sisi tupo wachache." Hema la tatu wakasema kuna mzee na mkewe basi. Mpaka anamaliza chai ya hema la mwisho, Umm Shiha nzima ilikuwa na watu kumi na tisa.

Kumi na tisa, wasikilizaji. Tulikuwa zaidi ya mia na hamsini. Watoto walikuwa nyuma ya pazia wanacheka, na yule bwana aliwasikia. Hapo ndipo roho inaponiuma. Aliwasikia, akafunga daftari lake, akapanda gari.

Na kanuni yao inasema hivi: mahali penye watu chini ya hamsini si kijiji. Panaandikwa "malisho". Malisho hayapati mfereji. Malisho hayapati barabara. Malisho hayatumiwi gari la wagonjwa.

Bi Wadha alipoelezwa haya, hakula siku nzima. Mwanawe mkubwa, Dhaifallah, anakumbuka maneno yake: "Ni ulimi wangu huu. Nimewaficha wanangu na kijicho, kumbe nimewaficha na maji."

Kesho yake akachukua kopo la maziwa ya unga na kapu la tende, akaanza kupita hema kwa hema. Namba hataji, hapana. Kila mtu anakula tende moja, anatia kokwa yake koponi kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto mchanga anatiliwa na mama yake. Akizaliwa mtu, kokwa inaingia. Akifa, inatoka.

Walimsema sana. Jirani yake, Bi Shaima, alimwambia, "Wewe Wadha, unatutafutia kijicho?"

"Kijicho cha nani, cha serikali? Jicho lile mwaka wa ngapi huu halituoni?"

Bi Shaima alicheka mpaka akatia kokwa mbili, ikabidi moja itolewe.

Mwaka jana Bi Wadha alilipeleka kopo ofisi ya sensa mjini. Afisa akachungulia ndani. "Bibi, hizi si kokwa tu?"

"Ndiyo. Na hiyo yako si karatasi tu? Njoo tupite wote kwenye mahema, tuone ipi inawajua watu."

Akaambiwa asubiri sensa ijayo. Akasubiri, kopo likiwa kichwani pa kitanda chake.

Jumanne asubuhi kifua kilimbana. Dhaifallah akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Wakamuuliza yuko kijiji gani. Umm Shiha, akasema. "Sikioni hapa." Akawaambia, "Ni kilomita kumi na mbili. Panda juu ya paa lako utaniona." Wakamjibu, "Ndugu, hapa pameandikwa malisho. Gari haliendi malisho."

Gari haliendi malisho. Mtu mzima, mwenye mama yake, alilitamka hilo kwa mdomo wake.

Wakamlaza nyuma ya pikapu ya jirani. Kwenye bonde magurudumu yakazama. Wakachimba kwa mikono. Bi Wadha akainua kichwa, akauliza, "Lile jeupe ndiyo hospitali?" Dhaifallah akamwambia ndiyo. "Kumbe ni karibu hivi," akasema. Hakusema tena.

Dhaifallah, Nofa, na ndugu zenu wote, poleni. Poleni sana. Mungu amlaze mama yetu pema, na awape subira ambayo mimi leo sina.

Siku ya tatu ya matanga tulilimwaga kopo juu ya mkeka. Tukahesabu mara mbili: kokwa mia mbili na kumi na tatu. Dhaifallah akaokota moja, akasema, "Hii tuitoe, ni ya mama." Dada yake Nofa akamshika mkono. "Nani alimwona mama akitia yake?" Tukatazamana. Hakuna aliyemwona. Miaka yote ile alikuwa ameshika kopo. Alituhesabu sote, yeye hakujihesabu.

Dhaifallah akachukua tende, akaila huku analia, akatia kokwa. "Ingia, mama," akasema.

Sensa inarudi baada ya Idi. Ninyi wa Umm Shiha, na ninyi wote mnaokaa penye jina la malisho, tafakarini hili leo. Akiwauliza mko wangapi, mtajieni. Mtajieni hata wa kunyonya. Mimi naanza, hapa hewani, na kijicho kije kwangu: mia mbili na kumi na nne. Mmoja wao tumemzika. Afisa, kama unanisikia, fungua daftari, anza na huyo.