Mashine Iliyoulizwa Toleo Lake

Siku hiyo, kwenye benchi lililo mkabala na geti la hospitali, tulikuwepo mimi, wanayeniita Mama Birika kwa sababu nauza kahawa, na mwanangu mgongoni. Babu Soli, fundi viatu. Sindano, fundi cherehani. Redio, dereva wa teksi ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Na Mtambo, kijana wa chumba cha mashine kubwa ya hospitali, ile kompyuta inayotunza kumbukumbu zote. Wa mwisho kufika alikuwa mke wa Babu Soli. Binti yao alikuwa wodi ya wazazi. Alijifungua salama alfajiri, lakini damu ikawa haikatiki. Mfuko wa damu ya dharura alishawekewa, ukaisha. Mingine ilikuwepo kwenye majokofu, ila haitoki mpaka mashine kubwa iseme upi umepimwa na unamfaa nani. Na asubuhi hiyo mashine ilikuwa haisemi.

Mtambo alitoka nje kumpigia bosi wake, kwa sababu mle chumbani simu haishiki. Iliita mpaka ikakatika. Akakaa. Nilipompa kahawa, ilimwagika kidogo kwenye vidole na hata hakushtuka.

– Haya tuambie, imekufa? – Redio akaanza.

– Haijakufa, kaka. Mashine ni nzima kabisa. Jana tumeiwekea mfumo mpya. Ile programu ya damu ndiyo imegoma.

– Imegomaje?

– Kila ikiamka, kabla haijagusa kitu, inaiuliza mashine: mfumo wako ni toleo la ngapi? Ikijibiwa chini ya tisa, haifanyi kazi. Leo imeuliza, mashine ikajibu kumi. Programu ikasema hilo ni la zamani mno, ikajifunga.

– Kumi ni la zamani kuliko tisa?

Sindano alicheka, kisha akamwona Babu Soli, akaacha.

– Inasoma kama tunavyopanga majina darasani kwa herufi, – Mtambo akasema. – Inaangalia alama ya kwanza. Kwenye kumi inaona moja, kwenye tisa inaona tisa. Moja iko nyuma, basi, imeshaamua. Hata kwenye sifuri haifiki. Aliyeiandika alishastaafu, nadhani hakuwaza kama siku moja tutafika kumi.

Babu Soli alikuwa anapigilia msumari kwenye kisigino cha kiatu cha mteja. Akamaliza, akachukua msumari mwingine, akapigilia palepale.

– Mimi nakataa, – Redio akasema. – Mashine kubwa vile haikosei hesabu ya chekechea. Hayo ni makusudi. Mmeibadilishia mfumo bila kuibembeleza, imenuna.

– Mashine inune?

– Teksi yangu nikiipeleka kwa fundi mgeni, wiki nzima haiwaki.

– Teksi yako haiwaki hata kwa fundi mwenyeji, – Sindano akamjibu. – Sikilizeni mimi. Mashine ya leo siyo ya jana. Mtu alale ni tisa, aamke ni kumi, wewe ungemfungulia mlango? Kuna nyingine imeingia mle ndani na kuvaa nguo za ile ya kwanza. Programu imeigundua, imeshtuka. Mimi nilinyoa ndevu, mwanangu akanikimbia.

– Sasa hapo umesema! – Redio akashusha sauti. – Na mtanikumbuka. Leo inaulizwa mashine, kesho tutaulizwa sisi. Unafika getini hapo na mgonjwa wako mgongoni, ukuta unakuuliza: wewe ni toleo la ngapi? Unajibu ukweli. Mlango haufunguki.

Mimi nilimfungua mwanangu mgongoni nikampakata, bila kujua kwa nini.

Ndipo Babu Soli alipozungumza kwa mara ya kwanza.

– Mtambo, mwanangu. Hilo swali haliwezi kuondolewa?

– Linaondolewa, baba. Ni mstari mmoja tu.

– Sasa je?

Mtambo aliweka kikombe chini.

– Liliwekwa kwa sababu. Kabla sijaajiriwa, programu hii iliwashwa kwenye mfumo usiolingana nayo. Haikusimama wala haikulalamika. Ilichukua kundi la damu la mgonjwa huyu ikamwandikia yule wa kitanda cha pili. Maabara walikuja mbio, mfuko umeshatundikwa. Mashine ikisimama naogopa, baba. Lakini ikiendelea huku imekosea, hata kuogopa sitajua.

– Basi usiliondoe. Irekebishe ijue kuhesabu.

– Hilo naliweza. Ila kwetu programu ya damu haiguswi na mtu mmoja. Lazima awepo wa pili anayekutazama unachoandika. Wa pili ni bosi, na bosi hapatikani.

Alipiga tena. Sote tulisikiliza ile simu inavyoita. Ikakatika.

Nyundo ya Babu Soli ilianza tena, sasa ikikosa msumari. Sindano akamsogelea akasema, "Lete nikushikie, babu, hicho kiatu kizito," akakitoa mkononi mwake polepole, kama unavyomtoa mtoto aliyelala. Redio, huku bado anaropoka, alikuwa ameinuka akasimama mbele ya mzee. Nikadhani ni fujo zake. Kumbe jua lilikuwa limefika usoni mwa Babu Soli, na Redio alikuwa analikinga kwa mgongo wake.

– Tuvunje majokofu, – alikuwa anasema. – Au tuidanganye. Tuiambie mashine ijibu tisa na nusu.

– Na ikishazoea kudanganya? – Sindano akauliza. – Nani atairudisha kwenye ukweli?

– Basi tuizime hospitali yote, tuiwashe upya.

– Na walioko kwenye oksijeni?

Redio akafunga mdomo. Kwenye kijiwe chetu hilo halijawahi kutokea.

Ndipo mke wa Babu Soli akafika, na furushi la nguo za kichanga alizozipiga pasi. Alitusalimia mmoja mmoja. Hata mwanangu hakumsahau, alimgusa shavu. Kisha akauliza:

– Mwanangu anaendeleaje?

Geti lilikuwa mbele yetu muda wote. Tulijua programu iliuliza nini, tulijua mashine ilijibu nini. Nimezaa, ninajua kitanda kile kilivyo baridi ukiwa peke yako, na mimi pia sikuwa nimevuka barabara.

– Hii mashine, mama... – Babu Soli akaanza.

– Sijaulizia mashine, mume wangu. Nimemuulizia mwanangu.

Mtambo alisimama.

– Dada wa maabara yuko zamu, – akasema, kama anayejisemea. – Damu anaijua kuliko bosi. Nitaandika, yeye atanitazama. Na kila mfuko aulinganishe na karatasi zake kabla haujatoka.

– Na bosi akikufukuza? – Redio akauliza.

– Naogopa, kaka. Twende.

Akavuka barabara anakimbia. Redio alilichukua lile furushi, akalibeba kwa mikono miwili kama mayai. Sindano alimshika Babu Soli kiwiko. Mke wake alitangulia. Mimi nilibaki na mwanangu na kile kiatu. Nilipoinua birika lilikuwa tupu, na kahawa ilikuwa imepoa vikombeni, hakuna aliyeimaliza.

Programu ilikubali kuamka kabla ya mchana. Binti wa Babu Soli aliwekewa mifuko miwili, na baada ya siku chache akatoka wodini kwa miguu yake. Mtambo alipewa barua ya onyo, na bado anafanya kazi palepale. Kile kiatu kilibidi kibadilishwe kisigino chote, maana kilikuwa na misumari mingi kuliko ngozi.